Sufuria ya Ukutani kwa Wakesho

Ukishuka steji ya magari ya kwenda milimani, hapa Voi, inua macho. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa pembeni wa jengo refu, utaona sufuria kubwa nyeusi imejaa kimanga, na mvuke unapanda. Chini yake kuna neno moja, HOTELI, na mshale unaoelekea uchochoroni. Ukuta ule nusura ufutwe. Haukufutwa, na sheria ya mji inayouacha ukae pale, mimi nilikuwamo chumbani ilipoandikwa. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza nyinyi vijana wa mabango, nyinyi mnaochapa kwa mashine na nyinyi wachache ambao bado mnashika brashi.

Mnivumilie. Niliishia darasa la saba, na ninaandika polepole, kama mtu anayechora. Nilipokuwa kijana nilikuwa na haya sana. Nikikutana na mtu njiani nilijifanya nimeona kitu juu ya mti ili nisisalimie. Kazi ya kuandika mabango ilinifaa kwa sababu watu unawapa mgongo. Uko juu ya ngazi, unatazama ukuta, na hakuna anayekungoja uongee. Hivyo ndivyo nilivyoishi mpaka uzee, na ningekufa hivyo kama si Wakesho.

Wakesho ndiye mwenye hoteli. Alikuja Voi kutoka milimani akiwa msichana, akaanza kuuza chai kwa birika, na sasa anapika kimanga ambacho hata watu wa Nairobi wakipita hapa hukiulizia. Maharagwe na muhogo vinapondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Shida ya hoteli yake ni moja tu, mlango. Mlango uko ndani ya uchochoro, baada ya fundi viatu, mahali ambapo mgeni hawezi kufika kwa bahati. Alichonacho barabarani ni ule ukuta wa pembeni, na kwenye ukuta ule mimi ndiye niliyemchorea ile sufuria, muda mrefu kabla ya kustaafu.

Siku moja asubuhi alinipigia simu. Hakunisalimu.

"Fundi Mwandoe, njoo uone walichokichora juu ya sufuria yako."

Nilikwenda. Mtu wa ofisi ya mji alikuwa amepita na rangi nyekundu akapiga alama ya X katikati ya sufuria, na X nyingine kwa kinyozi, na nyingine kwenye ukuta wa bucha. Kila ukuta uliokuwa na mchoro ulikuwa na X. Sisi Wakenya tunaijua alama hiyo. Ikipigwa juu ya nyumba, unaanza kutoa vitanda.

"Wanasema sheria ya mabango inaandikwa upya," Wakesho aliniambia. "Kila duka kibao kimoja, juu ya mlango, vyote saizi moja, maandishi ya buluu. Kuta zote nyeupe. Sasa niambie, kibao changu juu ya mlango nani atakiona? Fundi viatu?"

Fundi viatu alikuwa palepale akishona kiatu. "Mimi nitakiona, mama. Kila siku nitakisoma."

"Wewe hata ukisoma hununui."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Wateja wake wengi ni watu wanaoshuka siku ya soko kutoka Mbololo, Wusi na kwingineko, wameamka alfajiri, wana njaa, na wengi wao wazee. Hawasomi. Wanaitafuta sufuria. Ukiifuta sufuria, umefunga hoteli bila kugusa mlango.

Hapo lazima nimtaje aliyenifundisha kazi, maana yote yaliyofuata yalitoka kwake. Alikuwa Mkamba aliyeitwa Kitonga, alihamia Voi kabla mimi sijazaliwa. Sasa ni marehemu. Alikuwa mfupi, hivyo ngazi zake zote zilikuwa ndefu. Alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kuuvuta na kuuachia ukutani mara moja tu. Alinifundisha kuegemeza mkono juu ya fimbo yenye kitambaa kwenye ncha ili usiguse rangi mbichi. Alinifundisha kwamba nafasi kati ya herufi haipimwi kwa rula, inapimwa kwa jicho. Herufi A na V zinataka kusogeleana kama wachumba, lakini H na N ukizisogeza zitagombana. Na alinifundisha kuvuka barabara. "Bango hulioni ukiwa juu ya ngazi," alikuwa akisema. "Shuka. Vuka. Angalia kama mtu anayechelewa gari."

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa shahidi.

Kitonga hakuwahi kutia jina lake kwenye pembe ya bango kabla ya kuleta shahidi. Shahidi alikuwa mtu yeyote asiyejua kusoma, na asiyejua duka lile. Siku hizo hawakuwa wachache. Kitonga alimsimamisha ng'ambo ya barabara, akamuuliza swali moja: "Hapa wanauza nini?" Shahidi akijibu sawa, Kitonga alipanda ngazi akaandika jina. Akijibu vibaya, alichukua brashi akaanza tena, na mwenye duka akilalamika alimwambia, "Herufi ni za waliokwenda shule. Picha ni ya mteja." Wachoraji wote wa Voi wa wakati ule walikuwa na desturi hiyo. Sijaiona katika mji mwingine.

Mimi mwenyewe kukosa shahidi kuliniangusha mapema. Kitonga alinipa kazi yangu ya kwanza ya peke yangu, ng'ombe wa bucha. Nilitaka awe ng'ombe wa kukumbukwa. Nilimchora mweusi, mnene, shingo nene, na kwa kuwa niliona pembe za ng'ombe wetu ni ndogo na hazina fahari, nilimpa pembe pana zinazoshuka halafu zinapanda. Nyuma yake niliweka nyasi za manjano na mlima kwa mbali, kama mbuga. Mwenye bucha alifurahi. Kitonga alikuwa safarini, na kwa haya zangu nikaona vigumu kumsimamisha mtu barabarani na kumuuliza swali. Nikaacha.

Kesho yake walikuja askari wa wanyamapori, wakaingia ndani ya bucha na kuanza kukagua nyama. Mtu fulani alikuwa amewapigia simu kwamba kuna duka la Voi limepata ujasiri wa kuuza nyati na kuandika ukutani. Mwenye bucha aliapa kwa kila kitu. Walikagua mpaka maini. Walipotoka, mkubwa wao alisimama mbele ya mchoro wangu, akavua kofia na kusema, "Lakini nyati amechorwa vizuri." Kitonga aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa msasa, nikakata zile pembe. Mpaka bucha ile ilipobomolewa, watu waliiita Kwa Nyati, na biashara ilikuwa nzuri.

Turudi kwenye X.

Ofisi ya mji iliita kikao cha maoni ya wananchi. Ukumbi ulijaa. Mbele alikaa afisa aliyekuwa anaandika ile rasimu, binti wa Wusi anayeitwa Mghoi, mpangaji wa mji. Nataka mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Alieleza sababu zake na zilikuwa za kweli. Bango la bati lililofungwa kwa msumari mmoja lilikuwa limeng'olewa na upepo likamwangukia kijana wa bodaboda, likamvunja bega. Pale barabara kuu inapoingia mjini, mabango yalikuwa yamefunika alama za barabarani, na dereva wa lori anasoma matangazo ya simu badala ya kuona kivuko cha watoto. Na kuta, alisema, zimejaa michoro iliyokufa ambayo hakuna anayejua inasema nini. Aliposema hivyo nilimkasirikia moyoni, maana kuta zile nyingi ni zangu.

Kisha akasimama Denis, kijana mwenye mashine ya kuchapa karibu na soko. Mnamjua. Kwa rasimu ile, vibao vyote vya mji vingetoka kwake.

"Wazee wetu tunawaheshimu," alisema, akinitazama. "Lakini tuseme ukweli. Mji una treni ya kisasa, na kuta zetu bado ziko kwenye treni ya makaa."

Watu walicheka. Wakesho alinisukuma kwa kiwiko. "Simama. Wewe ndiye unayejua."

Nikasimama. Nikasema, "Hamjambo." Wakajibu hawajambo. Nikatafuta neno la pili, halikuja. Nilikuwa na maneno mengi nyumbani, nilikuwa nimeyapanga njiani, lakini nyuso zote zile zilikuwa zimenielekea na hakukuwa na ukuta wa kuutazama. Nikakaa.

Tulipotoka Wakesho alitembea nami mpaka karibu na hoteli. "Fundi," alisema, "kumbe ulienda kusalimia." Halafu, kwa sauti ya chini, "Mimi sina ukuta mwingine." Hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi.

Lakini kuna mtu mwingine aliyeona nilivyosimama na kukaa. Siku ya pili Mghoi alikuja mwenyewe hotelini, akanisalimu kwa Kidawida, lugha yetu ya milimani, kama mtoto wa nyumbani, akaagiza kimanga. Alikula kwanza. Kisha akasema, "Baba, jana ulikuwa na neno. Kama ni gumu kulisema, nionyeshe."

Kuonyesha ninaweza. Nilimweleza kuhusu Kitonga na shahidi. Alisikiliza huku amekunja mikono, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Basi tufanye. Lakini tufanye kwa haki. Denis achape kibao kama rasimu inavyosema, tukiweke juu ya mlango. Na ukuta wako tuuache ulivyo. Tulete shahidi asiyekijua chochote kati ya hivyo viwili."

Niliona ameshindwa tayari. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Siku ya soko tulikutana pale steji, mimi, Mghoi, Wakesho, na Denis na kibao chake, ambacho tayari kilikuwa kimefungwa juu ya mlango uchochoroni. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Herufi zilinyooka kama askari wa gwaride. Gari la kutoka Mbololo lilipofika, alishuka mama mmoja mzee na gunia la kunde, Mama Saru. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja soko la Voi peke yake, kwa sababu binti yake aliyezoea kuja alikuwa amejifungua. Mghoi alimsalimu, akambebea gunia, na akamuuliza kama anajua kusoma.

"Mimi shule niliiona kwa nje," alisema. "Ilikuwa na miti mizuri."

"Mama, una njaa?"

"Njaa nimetoka nayo nyumbani."

"Basi tuonyeshe wewe, kutoka hapa unaona wapi pa kula?"

Mama Saru akatazama. Aliangalia mabati, stika, nguzo za umeme, picha ya simu, picha ya mwanamke anayetabasamu bila sababu. Kibao cha Denis hakuweza kukiona kwa kuwa kilikuwa uchochoroni, kama tulivyosema. Hapo nikamwona Denis ameinamisha kichwa, na mimi nikakohoa kidogo, kama mtu aliye tayari kupongezwa. Kisha macho ya Mama Saru yakafika kwenye ukuta wangu. Yakakaa pale.

"Pale je?" Mghoi akauliza. "Pale wanauza nini?"

"Pale?" Mama Saru akafikiri. "Pale wanauza ngoma."

Mama Saru akaona labda hatujaelewa, akaongeza, "Ile ngoma kubwa. Sijui ni ya kanisa ama ya shule. Lakini kuna mtu ameipiga X, labda imepasuka."

Wakesho ndiye aliyeanza. Alishika nguzo ya steji akacheka mpaka kilemba kikamteleza. "Ngoma! Miaka yote napika, kumbe watu wanangoja nicheze." Denis naye akacheka, halafu akanitazama akanyamaza, na kwa hilo nilimheshimu.

Mimi nilivuka barabara. Nilisimama mahali pa Mama Saru, nikatazama kama mtu anayechelewa gari. Na nikaiona. Jua la Voi, vijana wangu, halili rangi zote sawa. Linakula nyekundu kwanza, kisha manjano, na buluu na nyeusi linaziacha. Wakesho alikuwa ametaka maharagwe mekundu ya kung'aa, na nikampa. Jua lilikuwa limeyala yote. Mvuke niliouchora kwa rangi nyeupe ulikuwa umemezwa na vumbi letu jekundu. Hata neno HOTELI, ambalo lilikuwa la manjano, lilikuwa kivuli tu. Kilichobaki ni duara la kahawia juu ya pipa jeusi lenye masikio mawili. Ngoma kabisa. Ningeweza kuibeba kanisani.

Nilikuwa nimepita pale kila wiki, na kila wiki niliona mvuke. Wateja wa zamani wa Wakesho nao walikuwa wakiuona, kwa sababu walikuwa wanajua upo. Jicho la mchoraji huona alichochora, halioni kilichobaki. Lishikeni neno hilo, hata nyinyi wa kompyuta, maana stika zenu nazo nimeona zinavyokuwa mwaka wa pili.

Wakesho alikuwa amenifuata, na sasa hakucheka tena. Alielewa kabla yangu. "Fundi," alisema polepole, "sasa wataifuta kwa haki."

Na ilikuwa kweli. Mghoi alikuwa amesema kuta zimejaa michoro iliyokufa, na mimi ndiye niliyemletea maiti.

Mghoi hakusema neno la kujisifu. Alimpeleka Mama Saru hotelini kwa mkono, akamnunulia chakula, na alipotoka alituambia kwamba siku inayofuata kamati ndogo inakaa ofisini kurekebisha rasimu, na kwamba anataka mimi na Denis tuwemo. "Bango la mlangoni halikupita," alisema, "na la ukutani halikupita. Basi rasimu yangu bado haijaisha."

Chumba kile kilikuwa kidogo, na hilo lilinisaidia. Kulikuwa na meza, chai, na dirisha linalotazama ukuta wa jengo jirani. Nilikaa nikiutazama ukuta. Walianza na mabati yanayoning'inia. Denis alijua mambo ya boliti na vyuma kuliko mtu yeyote, akaeleza bango lifungwe vipi ili upepo wa kiangazi usilichukue, na kila alichosema kiliandikwa. Kisha wakafika kwenye michoro ya kuta. Mmoja wa kamati alisema ifutwe yote, ni rahisi kusimamia. Mwingine akasema iachwe yote, ni urithi. Wakaenda hivyo, futa, acha, futa, acha, na chai ikapoa.

"Tuseme iachwe ile inayoeleweka," Mghoi alisema mwishoni.

"Inayoeleweka na nani?" Denis akauliza. Hakuuliza kwa ubishi. "Afisa akija akisema haieleweki, na mwenye duka aseme inaeleweka, nani ataamua?"

Nilikuwa bado ninautazama ule ukuta wa nje. Na bila kugeuka, kama ninavyoongea na mtu aliyenishikia ngazi, nilisema, "Muulizeni mpita njia."

"Endelea, baba," Mghoi akasema.

Nikaendelea. Nilisema mchoro uruhusiwe kwenye ukuta wa biashara yenyewe, si ukuta wa mwingine. Nilisema afisa asiulize mwenye duka wala mchoraji, maana sisi tunaona mvuke usiokuwepo. Amuulize mtu anayepita, asiyelijua duka, wanauza nini hapa. Akijua, ukuta ubaki. Asipojua, mwenye duka asifutiwe kwanza, apewe nafasi ya kupaka upya, kisha aulizwe mpita njia mwingine. Na nilisema vibao vya kuchapwa navyo viulizwe vivyo hivyo, kwa sababu njaa haiwezi kusoma buluu juu ya mlango usioonekana. Na duka ambalo mlango wake uko uchochoroni liruhusiwe kuweka alama moja barabarani. Nilisema yote hayo kwa ule ukuta wa dirishani, na nilipogeuka niliona Mghoi anaandika. Aliandika mpaka nilipomaliza, na aliendelea kuandika hata baada ya mimi kunyamaza.

Denis ndiye aliyesema la mwisho. "Hata vyangu mtaulizia?"

"Hata vyako," nikamwambia.

"Basi nianze kuweka picha," akasema, akitikisa kichwa. "Mzee, umeniongezea kazi."

Ndivyo ilivyopita. Imeandikwa kwa lugha ya sheria, ndefu na yenye vifungu, lakini ndani yake Kitonga amesimama ng'ambo ya barabara na swali lake. Yeye hakuwahi kuingia ofisi yoyote ila kuandika jina mlangoni. Mkiona afisa kijana amemsimamisha mama mwenye kikapu na kumuuliza, "Mama, hapa wanauza nini?" mjue swali hilo limetoka kwa Mkamba mfupi mwenye ngazi ndefu. Mimi nikilisikia huwa natembea wima siku nzima.

Lakini sheria kupita hakukuwa kumwokoa Wakesho. Ukuta wake ulikuwa bado una X na ngoma, na sheria ilimpa nafasi ya kupaka upya, basi. Ilibidi mtu apande ngazi.

Mke wangu alisema magoti yangu hayafai. Magoti yangu yalisema hivyohivyo. Denis alinishikia ngazi, na nilipofika juu alinitania kutoka chini, "Treni ya makaa imeondoka." Nikamwambia treni ya makaa haikatiki umeme.

Nawaambia nilivyofanya, mkitaka mfuate. Kwanza tuliosha ukuta kwa maji na sabuni, tukangoja ukauke siku yake kamili, maana rangi juu ya vumbi ni rangi juu ya hewa. Nilipiga uzi wa chaki. Maharagwe sikuanza na nyekundu ya kung'aa. Nilianza na ile nyekundu ya udongo inayopakwa kwenye mabati ya nyumba, ambayo jua halina meno ya kuila, na juu yake nikaweka ile ya kung'aa kidogo tu, kama chumvi. Ya juu ikifa, ya chini itabaki, na maharagwe yatabaki maharagwe. Mvuke sikuuchora mweupe. Niliuchora wa buluu hafifu juu ya anga ya giza. Neno HOTELI sasa ni jeusi. Muhogo niliuacha na vipande vinavyoonekana. Mwiko niliuchora umesimama wenyewe, maana hiyo ndiyo sifa ya kimanga cha Wakesho, na ngoma haina mwiko.

Sikuandika jina.

Siku ya soko nilivuka barabara nikasimama pale steji. Wakesho alitoka akasimama nami, mikono ndani ya aproni. Mghoi alikuwepo, na Denis. Nilikuwa nimetaka shahidi mpya, kama sheria inavyosema, na macho yangu yalikuwa yanatafuta mtu. Lakini wa kwanza kushuka kwenye gari la Mbololo alikuwa Mama Saru, na gunia lake la kunde.

Denis akanong'ona, "Huyu hafai, hoteli anaijua."

"Mlango huu haujui," Mghoi akajibu. "Siku ile nilimwingiza kwa mlango wa nyuma, kupitia sokoni, wala hakuambiwa ndiyo ile ya ngoma."

Basi nikamsogelea mimi mwenyewe. Haya zilinipanda kama zamani, lakini nilisimama mbele ya mwanamke nisiyemzoea, barabarani, watu wakipita, na nikafungua mdomo.

"Mama, hujambo. Pale ukutani wanauza nini?"

Mama Saru aliinua macho. Alitazama kwa muda. Alinikabidhi gunia lake kama mtu anayemkabidhi mtoto wa nyumbani, akatazama kulia na kushoto, akavuka barabara, akaufuata mshale, akampita fundi viatu, akapotea uchochoroni.

Tukasikia kiti kikivutwa.

Wakesho alikwenda mbio kupakua. Mimi nilimwachia Denis gunia, nikavuka, nikapanda ngazi polepole, goti moja baada ya jingine, nikachovya brashi ndogo, na pale kwenye pembe ya chini ya mchoro nikaandika jina langu.